Vitanda Viwili vya Hema Namba Nne

Mzee Thadeus Nyabuto alifika kwenye kambi yetu Jumatatu moja ya mwezi wa sita, akiwa amevaa koti la suti, viatu vimejaa vumbi hadi kwenye kamba. Mkononi alishika bahasha ya kaki. Ndani yake kulikuwa na karatasi aliyochapiwa na msichana wa saiba, duka la kompyuta, huko Kisii mjini, na msichana huyo, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameandika kwamba mzee ni mbunifu wa mitindo mwenye uzoefu wa miaka thelathini na mitatu. Mlinzi wa getini aliisoma kwa sauti, akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi pia nilicheka, sikatai. Kisha nikaona haya, kwa sababu mzee alikuwa amesimama pale pale, kofia mkononi, akisubiri tumalize.

Mimi ni Bathsheba Nyanchoka, mtu wa Nyaramba. Huu ni mwaka wa sita nashika ufunguo wa stoo ya mashuka katika kambi hii ndogo ya watalii ndani ya mbuga ya Mara. Watu wa msimu nawajua. Kila mwezi wa sita, kabla nyumbu hawajafika, watu huanza kufika: wapishi, wahudumu, wafua nguo, vijana wa kubeba mizigo. Wanazunguka kutoka geti hadi geti na vyeti vyao, na kila geti linawaambia, "Acha namba, tutakupigia." Sijawahi kuona mtu akipigiwa. Anayepata kazi ni yule aliyekuwa amesimama mlangoni siku ambayo kitu kimeharibika.

Siku hiyo kwetu kulikuwa na kitu kimeharibika. Jua lilikuwa limeyala mahema yetu kwa miaka minne, nyani wakamalizia, na fundi aliyezoea kuyarekebisha alikuwa amechukuliwa na kambi nyingine. Wageni wa kwanza walikuwa wanaingia baada ya wiki mbili. Meneja wetu, mama mmoja wa Nyeri asiyependa maneno mengi, alitoka ofisini kusikia kicheko ni cha nini. Akaisoma ile karatasi, asicheke.

"Mzee, wewe ni fundi wa nguo?"

"Ndiyo, madam."

"Turubai unaweza?"

Thadeus aliinama kwenye hema lililokuwa limelazwa hapo karibu, akaushika mpasuko kwa vidole, akaomba sindano nene na uzi. Alipaka uzi nta, akakaa chini na koti lake lote la suti, akashona kipande cha kama mkono mmoja. Ilichukua muda. Alipomaliza, Meneja alivuta ule mshono kwa mikono miwili, akavuta tena akiwa amekanyaga upande mmoja kwa buti. Haukuachia.

"Wiki mbili za majaribio," akasema. "Mahema kumi na mawili. Yakiwa tayari kabla ya wageni, unabaki mpaka mwezi wa kumi. Yasipokuwa tayari, au ukinivunjia sheria za kambi, unarudi kwenu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, madam."

Baadaye, tukiwa tunakunjua maturubai pamoja, alinieleza kwa nini hakuwa na pa kurudi. Alikuwa ameshonea kwenye baraza la duka moja sokoni Kebirigo tangu akiwa kijana. Sare za shule ndizo zilimlisha, na majoho ya kwaya. Halafu shule zikaanza kununua sare zilizotengenezwa tayari, watu wakavaa mitumba, na mwezi wa tatu mwenye duka akampa mtu wa kuuza vifuniko vya simu lile baraza. Cherehani ikarudishwa nyumbani, ikakaa kando ya vikapu vya majani chai. Mkewe, Gesare, hakumlaumu hata siku moja. Alikuwa anaamka, anachukua kikapu, anaenda kuchuma chai, anamwacha amekaa.

"Angenigombeza ningepumua," Thadeus aliniambia. "Lakini alikuwa ananikaribisha uji kama mgeni."

Basi akaapa kwamba atakwenda Mara, na hatarudi Kebirigo kabla hajafanya kazi ya msimu mzima. Alikuwa amekataliwa kwenye kambi nne kabla ya yetu. Siku tatu alikuwa amekula mandazi na maji.

Sasa, jambo ambalo hakumwambia Meneja ni kwamba mwanawe Duncan alikuwa mhudumu wa meza hapo hapo kwetu, msimu wake wa tatu. Hakulificha kwa ubaya. Kwetu baba haendi kuomba kazi kwa mgongo wa mtoto wake. Duncan mwenyewe aligundua alipopeleka chai kwa mafundi, akamkuta babake amepiga magoti juu ya turubai na sindano mdomoni. Trei ilitikisika, vikombe vikagongana.

"Tata?"

"Duncan. Uko salama?"

"Niko salama."

Ikaisha hapo. Watu wa kwetu hawakumbatiani mbele ya watu.

Meneja alipojua kuwa hao ni baba na mwana, alifurahi kweli. Namsifu kwa hilo, alitaka kufanya wema. Vitanda vya wafanyakazi wa msimu vilikuwa vimejaa vyote isipokuwa kimoja, na kitanda hicho kilikuwa katika hema namba nne, ambamo Duncan alikuwa akilala peke yake. "Imekuwa bahati," aliniambia akiandika orodha. "Nimemweka mzee na kijana wake. Atajisikia nyumbani."

Nilichukua ile orodha, nikasoma: namba nne, Duncan na Thadeus. Nikafunga mdomo.

Kwa asiyetujua nieleze. Kwetu Gusii mvulana akishatahiriwa, halali tena mahali anapolala babake. Anajengewa kibanda chake, na kuanzia siku hiyo baba haoni kitanda cha mwanawe, wala mwana haoni babake akivua shati. Tunaita hayo chinsoni. Ni heshima iliyochanganyika na aibu, na hata waliosoma mpaka chuo kikuu huwaoni wakiivunja. Baba na mwana watakula pamoja, watalima pamoja, watakaa kanisani benchi moja. Lakini wavue nguo chumba kimoja, walale wakisikizana wakikoroma? Mtu wa kwetu akisikia hivyo anageuza uso.

Ningesema. Ningemwambia Meneja tu, "Madam, hii kwetu haiwezekani," yakaisha. Lakini nilifikiri, mimi ni mwanamke, nitaanzaje kuzungumzia malazi ya mzee asiyenihusu? Tena nikaogopa kwamba nikisema, Meneja atasema basi hakuna kitanda, mzee aende. Nikajiambia ni wanaume wazima, watajua la kufanya. Huo ndio ujinga wangu katika habari hii, na bado unanikera.

Nikawatandikia vitanda vyote viwili. Mimi nikitandika shuka, naacha alama ya mkunjo katikati, imenyooka, maana huwa napiga pasi shuka likiwa limekunjwa mara nne. Mtu akilala hata saa moja, ule mkunjo unapotea. Ijumaa nikaenda kubadilisha mashuka ya wafanyakazi. Namba nne, kitanda cha kushoto: mkunjo wangu upo, umenyooka kama nilivyouacha. Cha kulia: mkunjo upo. Nikainua mto, nikaunusa. Ulinuka sabuni tupu.

Niliketi pale kwenye ukingo wa kitanda nikapigwa na butwaa. Siku nne hakuna aliyelala mle ndani. Sheria ya kwanza ya kambi, iliyoandikwa kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa jiko, ni kwamba kuanzia saa tatu usiku kila mfanyakazi awe ndani ya hema lake, kwa sababu wanyama hupita katikati ya kambi wakienda mtoni. Anayevunja anamwaga unga siku hiyo hiyo. Nilikunja mashuka yale masafi kana kwamba ni machafu, nikayabeba kwenda kufua. Nikanyamaza tena, mara ya pili.

Jumatatu asubuhi mlinzi alikuta nyayo za nyati zimezunguka hema namba sita, lile lililokuwa likishonwa. Nyayo mbichi, na kinyesi mlangoni. Ndani ya hema alimkuta Mzee Thadeus ameketi juu ya turubai, amejifunika koti, macho mekundu. Dakika kumi baadaye tulikuwa ofisini, mimi nikiwa nimeitwa kwa sababu ndimi ninayetandika vitanda.

"Mzee," Meneja akaanza, na sauti yake ilikuwa chini, jambo lililonitisha zaidi, "ulilala namba sita?"

"Ndiyo, madam."

"Siku ngapi?"

"Tangu nije."

"Kwa nini? Si nilikupa kitanda?"

Thadeus aliangalia kofia yake. "Nilitaka kuamka karibu na kazi."

Ulikuwa uwongo mdogo wa mtu asiyezoea kusema uwongo. Meneja akamtuma mlinzi amwite Duncan. Duncan akaingia na aproni, akamwona babake, akamwona Meneja, akaelewa.

"Duncan, babako anatoka kila usiku, na wewe uko naye hema moja. Hukuona? Hukusema?"

"Madam, mimi silali pale. Nalala jikoni, nyuma ya magunia ya mchele."

Thadeus akageuka. Nilikuwa sijawahi kumwona akimtazama mwanawe usoni hivyo. "Wewe hulali kwa hema?"

"Si nilikuachia, tata."

"Lakini mimi nilikuachia wewe!"

"Ngojeni," Meneja akasema. "Basi namba nne analala nani?"

Mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. Kicheko kilinitoka tu, halafu machozi yakafuata, kwa sababu niliona picha yote: vitanda viwili vizuri, blanketi nne, na watu wawili wanaopendana, mmoja kwa nyati na mwingine kwa panya. Nikafungua mdomo, nikasema yote niliyopaswa kusema wiki moja iliyopita. Nilieleza mpaka wale wawili wakaangalia ukutani.

Meneja alisikiliza hadi mwisho. "Nimesikia," akasema. "Siwacheki. Lakini nikiwa kambi nyingine, kijana wangu mmoja aliuawa na nyati akienda msalani. Ni mimi niliyempelekea mama yake habari. Sitaifunga safari hiyo tena. Sina kitanda kingine mpaka mwezi wa kumi. Saa kumi na mbili jioni, ama watu wawili wawe wanalala namba nne, ama mmoja wenu awe amepanda gari kwenda Kisii. Mchague wenyewe."

Nilikimbilia kwa madereva. Wana chumba chao cha vitanda vinne, na nilifikiri mmoja wao atakubali kubadilishana na Duncan. Niliwasihi mmoja mmoja. Chumba chao kina soketi za kuchaji simu. Namba nne haina umeme na iko kando ya njia ya viboko. Mmoja aliniuliza kama mimi ni mzima. Niliporudi, Duncan alikuwa nyuma ya jiko akikunja nguo zake kwenye begi.

"Unaenda wapi?"

"Home. Mimi bado kijana, Bathsheba, nitapata kazi kwingine. Huyo mzee akirudi Kebirigo, unajua ataenda kukaa wapi? Kando ya ile cherehani. Atakufa akiwa amekaa."

"Na atakubali?"

"Simwambii. Nitapanda gari ya mboga saa kumi."

Nilimfokea. Nilimwita majina ambayo mwanamke wa kanisa hafai kuyajua. Nilikuwa na hasira naye, na Meneja, na madereva, na zaidi ya wote na mimi mwenyewe. Kisha nikaenda kumtafuta Thadeus ili nimwambie mwanawe anataka kufanya nini, maana nilikuwa nimechoka kunyamaza.

Sikumpata namba sita. Nilimpata nyuma ya namba nne, na nilipoona anachofanya nikashika kichwa. Alikuwa na mkasi mkubwa, na amelikata hema la kampuni. Ameupasua ukuta wa nyuma, kutoka juu hadi chini, turubai zima lisilo na tundu hata moja.

"Omogaka, mzee wangu! Unafanya nini?"

"Naweka mlango."

"Nani amekuruhusu?"

"Hakuna." Hakuinua macho. "Nishikie hapa."

Nikashika. Ningefanya nini? Nikamwambia juu ya Duncan na gari la mboga. Mkasi ulisimama. Nikageuza uso nisimwone. "Mwambie anisubiri hadi saa kumi na mbili," akasema. "Mwambie ni mimi nimesema." Kisha akarudi kazini, na sijawahi kuona mikono ya mtu ikienda kwa kasi ile.

Alichukua lile turubai la zamani alilokuwa amelitoa kwenye paa la namba sita, akalikunja likawa mara mbili, akalishona kutoka kwenye mti wa katikati wa paa mpaka chini kwenye sakafu, na pembeni akafungia kwa mshono ambao hata mwanga haupiti. Kitanda cha kushoto akakisogeza upande wa mbele, cha kulia upande wa nyuma. Ule mpasuko wa nyuma akautia zipu ya hema bovu, na juu yake kipande cha kukinga mvua. Nilimuuliza kama wazee wa nyumbani wangekubali kwamba hizi sasa ni nyumba mbili.

"Wangebishana hadi asubuhi," akasema. "Mimi nasema kila mtu akiwa na mlango wake, ana kwake. Atakayebisha aje alale na nyati."

Saa kumi na mbili Meneja alikuja. Duncan alikuwa amesimama mbali kidogo, begi begani. Meneja akaingia mlango wa mbele, akatazama ukuta, akatoka. Akazunguka nyuma, akaona pale palipokatwa. Uso ukambadilika.

"Mzee, hili hema ni langu?"

"Ni lako, madam."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo!" Alikuwa amekasirika, hakujificha. Akafungua zipu, akafunga, akafungua. Akainama akapitisha kidole gumba kwenye mshono wote, polepole, hadi chini. Nilikuwa nasali kimoyomoyo, kwa Kigusii, sala isiyo na mpangilio. Akasimama wima, akapangusa magoti.

"Mvua ikiingia hapa hata tone moja, nawafukuza wote wawili," akasema. "Isipoingia, wiki ijayo nina familia yenye watoto wawili wakubwa kule namba tisa. Utawawekea ukuta kama huu. Lakini utaniuliza kwanza." Akaenda zake. Duncan alibaki amesimama na begi lake mpaka babake alipomwonyesha mlango wa nyuma kwa kidole.

Mvua ilinyesha usiku ule, mvua ya kupiga mahema kama mawe. Alfajiri nilikuwa namba nne kabla ya mtu yeyote. Nilipapasa sakafu ya nyuma. Kavu. Mashuka ya kitanda cha nyuma yalikuwa yamevurugika, mkunjo wangu haupo hata dalili, na sijawahi kufurahia shuka lililochafuka kama siku ile.

Duncan alikuwa jikoni akichemsha chai ya wafanyakazi. Macho yake yalikuwa yamevimba. Nilimuuliza kama mvua ilimnyima usingizi.

"Si mvua," akasema. "Fisi walianza kulia. Unajua kwetu hakuna fisi. Mimi miaka tatu hapa, kila usiku nawaogopa, sijawahi kuambia mtu. Sasa nikasikia tata ananiita huko upande wake. 'Duncan, umelala?' Nikasema bado. Halafu akasema, 'Mimi naogopa. Tangu nifike hapa naogopa. Kule namba sita nilikuwa nalia.'"

Aliacha kukoroga chai. Mtoto wa kwetu anafunzwa tangu kisu cha tohara asionyeshe woga mbele ya babake, na hakuna anayemfunza la kufanya siku babake akionyesha wake.

"Ukamwambia nini?" nikauliza.

"Nikamwambia mimi pia naogopa." Alijifuta uso kwa aproni, bila kuona haya mbele yangu. "Halafu nikamwambia, 'Lala, tata. Kesho una kazi.'"